Nikienda Japani kutangaza Injili, nitaishije, na imani yangu itabakije?

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mbeya, nina miaka 29. Kwa miaka mitatu sasa moyo unanivuta kwenda Japani kama mmisionari, na kuna kanisa huko limeonyesha nia ya kunialika. Lakini nimesikia kwamba mtu anaweza kutumika huko miaka ishirini akabatiza watu wa kuhesabu kwa vidole. Mmisionari huishije huko siku kwa siku? Na anafanyaje imani yake isipoe wakati haoni matunda?

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Ulichosikia ni kweli. Nilitumika miaka kumi na moja Kyushu, kisiwa kikubwa cha kusini, na niliowabatiza ni tisa. Jumapili ya kawaida tulikuwa watu kumi na wanne, kumi na watano, wengi wao rika la mama yangu. Naanza na hesabu hii ili usiende na picha ya mkutano wa Injili wa uwanjani kichwani mwako. Japani ina watu wapatao milioni 124, na Wakristo wa madhehebu yote kwa pamoja ni kama asilimia moja tu.

Watu wakisikia hivyo husema Wajapani ni wagumu wa mioyo. Neno hilo huniuma, kwa sababu historia inasema vingine. Mmisionari Mkatoliki Francis Xavier na wenzake walishuka Kagoshima, kusini mwa Japani, tarehe 15 Agosti 1549, na Injili ilipokelewa. Haikupita miaka sitini, waumini walikuwa mamia ya maelfu, kuanzia mabwana wa majimbo hadi wavuvi. Kisha ukaja upanga. Tarehe 5 Februari 1597 watu 26 walisulubiwa kwenye kilima cha Nishizaka, Nagasaki, wengi wao Wajapani wenyewe, na mmoja wao mtoto wa miaka 12. Mwaka 1614 dini yetu ikapigwa marufuku nchi nzima. Watu waliletewa sanamu ya Kristo au ya Mariamu waikanyage mbele ya maofisa, na asiyekanyaga alikuwa amejitaja. Kila nyumba ikaandikishwa kwenye hekalu la Kibuddha, na nyumba tano tano zikafungwa pamoja zichungane. Wewe unamjua balozi wa nyumba kumi. Sasa fikiria nyumba tano ambazo moja ikikutwa na rozari, zote tano zina kesi ya kufa na kupona.

Mfumo huo ulidumu zaidi ya miaka 200. Kwa hiyo bibi wa Kijapani anapokuambia kwa upole, "Nyumbani sisi ni Wabuddha," mara nyingi anachokuambia ni makaburi ya kwao yako wapi na nani atayatunza. Sisi tunasema mwacha mila ni mtumwa. Methali hiyo kule haipo, lakini wameiishi kwa damu. Ongeza na majeraha ya karibuni: mwaka 1995 kikundi kimoja cha dini kilimwaga gesi ya sumu kwenye treni za chini ya ardhi Tokyo, na tangu Waziri Mkuu wa zamani Abe Shinzo alipouawa mwaka 2022, na mshtakiwa akataja hasira yake juu ya dini iliyofilisi familia yake, neno lenyewe "dini" limezidi kuwatia watu wasiwasi. Utakapobisha mlango ukasema unatoka kanisani, hayo yote yatakuwa yameshatangulia mbele yako.

Na pamoja na hayo imani haikufa. Tarehe 17 Machi 1865 padre Mfaransa, Bernard Petitjean, alikuwa katika kanisa jipya la Oura, Nagasaki, lililojengwa kwa ajili ya wageni kutoka ng'ambo, wakaja wakulima wa kijiji cha Urakami. Mama mmoja akamnong'oneza kwamba mioyo yao na moyo wake ni kitu kimoja, kisha akauliza, "Sanamu ya Santa Maria iko wapi?" Vizazi saba bila padre! Walikuwa wamebatizana wenyewe, wameitunza kalenda ya mifungo kwa siri, wamekariri sala zenye maneno ya Kilatini na Kireno ambayo maana yake ilikwisha kupotea. Hata baada ya siku ile serikali iliwahamisha kwa nguvu zaidi ya watu 3,000 wa Urakami, hadi mabango ya marufuku yalipoondolewa mwaka 1873.

Katika mwaka wangu wa tatu nilichoka kiasi cha kuandika barua ya kuomba kurudishwa nyumbani. Nikapanda treni nikaenda Oura, nikakaa kwenye benchi hadi walipofunga. Barua sikuituma. Kilichonishika ni kwamba imani ile ilitunzwa na wakulima na wavuvi wakati mmisionari hayupo kabisa. Nilikuwa nimebeba mzigo ambao hakuna aliyenitwika.

Sasa kazi yenyewe. Miaka miwili ya kwanza utakuwa mwanafunzi wa lugha, na usikubali wakuharakishe mimbarini kabla ya hapo. Kuna aina mbili za herufi za silabi, utazimaliza kwa miezi michache, halafu kuna alama za kanji, ambazo orodha ya serikali ya matumizi ya kawaida ina 2,136. Watu huogopa kanji. Mimi kilichonitesa ni maneno mawili mafupi: kami na tsumi.

Kiswahili kimetupa Mungu kwa umoja na miungu kwa wingi, na herufi kubwa juu yake. Kijapani hakina herufi kubwa, wala nomino zake hazibadiliki kwa wingi. Kami ni Mungu Baba wa Bwana wetu, na ni kami wa mlima, wa mto, wa mti mkuu ulio nyuma ya hekalu la Shinto, dini ya jadi ya Wajapani. Xavier mwenyewe aliteleza hapo. Mwanzoni, akimtegemea mkalimani wake, alimtangaza Mungu kwa jina la Dainichi, na watawa wa Kibuddha wakampokea vizuri, kwa kuwa Dainichi ni Buddha mkuu wa madhehebu yao. Alipogundua, aliliacha jina hilo akashika neno la Kilatini, Deus. Na tsumi? Sisi tuna dhambi, tuna kosa, tuna jinai. Kwao tsumi hubeba dhambi na jinai pamoja, na Mjapani akiisikia huwaza kwanza polisi. Katika mahubiri yangu ya kwanza niliwatangazia wazee waliokaa mbele yangu, watu wasiowahi hata kuvuka barabara taa ikiwa nyekundu, kwamba wote wana tsumi. Hakuna aliyeinua uso. Mzee wa kanisa alikuja kunieleza wiki iliyofuata, kwa kuzungukazunguka sana, ili nisiaibike. Tangu hapo kila mahubiri niliyaandika neno kwa neno, naye aliyapitia kila Alhamisi kwa kalamu nyekundu, mpaka siku alipofariki.

Kama utasoma maisha ya mmisionari mmoja tu kabla ya kuondoka, soma ya Nikolai wa Japani, Mrusi wa Kanisa la Kiorthodoksi. Alifika Hakodate mwaka 1861, akiwa na miaka 24, kuwa padre wa ubalozi mdogo wa Urusi. Askofu Innocent, aliyekuwa ametumika Alaska, alimkuta akisoma vitabu vya Kifaransa na Kijerumani, akamwambia aviweke kando ajifunze Kijapani. Akajifunza kwa miaka kama minane. Mtu wa kwanza kumbatiza alikuwa Sawabe, samurai wa zamani aliyekuwa mtumishi wa hekalu la Shinto, aliyemwendea akiwa na nia ya kumwua. Nikolai alimwuliza anawezaje kuhukumu fundisho asilolijua. Sawabe akaketi kusikiliza. Alibatizwa mwaka 1868, akapewa jina Paulo, na mwaka 1875 akawekwa wakfu kuwa padre. Hesabu mwenyewe: miaka saba kabla ya ubatizo wa kwanza.

Vita vya Urusi na Japani vilipoanza mwaka 1904, Nikolai alibaki Tokyo. Aliwaruhusu waumini wake waiombee nchi yao ishinde, kwa kuwa ni wajibu wao, naye mwenyewe akajiondoa kuongoza ibada za hadhara, kwa kuwa hangeweza kuomba Urusi ishindwe. Kila nikilitafakari jambo hilo napata somo jipya: aliwapenda Wajapani bila kudanganya kwamba amekuwa Mjapani, wala hakuwataka wao wawe Warusi. Alifariki mwaka 1912 akiacha waumini zaidi ya 30,000, na watu wa Tokyo bado huliita kanisa lake kuu kwa jina lake.

Uliuliza habari za siku kwa siku. Nyingi ni kazi ndogondogo. Niliamka saa kumi na moja, nikaomba, nikafagia mbele ya kanisa na kipande kidogo cha mbele ya jirani, kidogo tu, kwa sababu ukifagia sana unampa deni. Takataka hutengwa: za kuchomwa, plastiki, makopo, chupa, kila aina na siku yake, na unaziweka mahali pa mtaa chini ya wavu ili kunguru wasizichakure. Mara moja nilikosea siku. Mfuko ulirudi mlangoni pangu umefungwa vizuri, bila barua wala neno. Kuna pia jalada la matangazo ya mtaa linalopita nyumba hadi nyumba. Unalisoma, unatia muhuri wako, unampelekea anayefuata siku hiyo hiyo. Kwa macho ya majirani, hayo ndiyo mahubiri yako ya mwaka wa kwanza.

Kutembelea watu si kama kwetu. Huko Mbeya unapiga hodi, unakaribishwa, chai inawekwa jikoni. Kule hupiti tu kwa mtu. Unapatana naye siku kabla, na mara nyingi mtakutana kanisani au kwenye mgahawa, kwa sababu nyumba ni ndogo na ni faragha yao. Ukikaribishwa ndani, unavua viatu kwenye kizingiti, unavigeuza vitazame mlango, na unasema neno ambalo maana yake ni "naja kuwasumbua". Mwaka wa kwanza ukimya ule uliniumiza, nilidhani wananikataa. Baadaye nikaelewa kwamba wanalinda muda wangu kama wanavyolinda wao.

Makanisa mengi yana chekechea au darasa la Kiingereza, na mwalimu kama wewe watakushukuru. Watoto watakugusa nywele, wazazi wataomba radhi mara kumi. Kwenye treni kiti cha pembeni yako kitabaki wazi hata watu wakiwa wamesimama. Nakuambia mapema ili likikupata usidhani ni wewe tu. Jumatano ni maombi, watu wanne au watano wamezunguka jiko la mafuta ya taa, maana nyumba nyingi hazina mfumo wa kupasha joto nyumba nzima na baridi ya Januari hukukuta ndani. Jumapili baada ya ibada tunakula pamoja wali wa mchuzi wa kari, na hapo mezani watu husema yale wasiyoyasema ibadani. Siku ya Krismasi ni siku ya kazi kama nyingine. Mji wote unanunua kuku wa kukaanga na keki, na wewe unahubiri jioni watu wakitoka ofisini.

Kuna mambo yatakayokubana dhamiri. Ada ya mtaa huwa na sehemu inayokwenda kwenye sikukuu ya hekalu la Shinto. Mimi nilimwendea mwenyekiti nikamweleza kwa adabu, nikalipa ada ya usafi na taa za mtaa, na siku ya sikukuu nikaja kupanga meza na kuokota makopo. Kubeba kiti cha mungu wao sikubeba. Msibani watu hufukiza ubani mbele ya picha ya marehemu. Mimi niliinama, nikaomba kimya, na bahasha yangu ya rambirambi niliiandika "fedha ya maua", kama Wakristo wa huko wafanyavyo. Wachungaji wengine hufukiza ubani kama heshima tu, na sitawahukumu. Kabla hujaamua, waulize Wakristo wa Kijapani. Wameishi na maswali haya karne nzima, na kanisa lao lina makovu yake: mwaka 1967 Kanisa la Muungano la Kristo Japani lilikiri hadharani kosa lake la kuliunga mkono taifa katika Vita vya Pili vya Dunia.

Sasa nifike kwenye jambo ninalotaka ulibebe kuliko yote. Kwetu kanisani kulikuwa na mama mmoja aliyepanga maua ya madhabahuni kila Jumamosi kwa miaka kumi na tisa. Hakuwa amebatizwa. Alikuja ibadani, aliimba, alitoa sadaka. Wamisionari walionitangulia walimhimiza wakachoka. Mimi sikumhimiza, kwa uoga zaidi kuliko kwa hekima. Katika mwaka wangu wa saba, tukiwa tunaosha vikombe, aliniuliza, bila kunitazama: "Mchungaji, nikienda aliko Yesu, mume wangu atakuwa na nani?"

Mumewe alikufa Mbuddha. Kila asubuhi mama huyu alimwekea wali na maji kwenye kabati la madhabahu ya nyumbani, akawasha ubani, akamsimulia habari za wajukuu. Sisi tulikuwa tukimwalika mbinguni, yeye akisikia kwamba anaalikwa kumwacha mumewe peke yake gizani.

Swali hilo ni la kale. Mwaka 1552, akiandika baada ya kutoka Japani, Xavier alieleza jinsi waumini wapya walivyolia walipofundishwa kwamba hakuna la kuwasaidia wazazi wao waliokufa. Miaka zaidi ya 450 imepita, na machozi ni yale yale. Na sisi Waafrika tunalijua. Babu zetu waliwauliza wamisionari wa kwanza habari za wahenga, na mara nyingi walijibiwa kwa ukali usio wa lazima. Ndiyo maana naamini Mwafrika ana kitu cha kupeleka Japani. Mtu aliyekulia mahali ambapo marehemu wanatajwa kwa majina, na kaburi la bibi liko nyuma ya nyumba, hawezi kulicheka kabati lile.

Sikuwa na jibu tayari. Nilimwambia: "Yule ninayemkabidhi roho yangu ndiye ninayemkabidhi mumeo. Simjui hakimu mwingine mwenye huruma kumpita, wala wewe humpendi mumeo kuliko Yeye." Nilimwambia pia kwamba sitamwahidi zaidi ya nililopewa kusema. Hakujibu. Mwezi wa Novemba makanisa mengi ya huko huwa na ibada ya kuwakumbuka waliolala, picha zao zikipangwa mbele. Mwaka ule alileta picha ya mumewe, ameifunga kwa kitambaa, akauliza kama inaweza kukaa pamoja na za wengine. Wazee wa kanisa walitazamana, kisha mmoja akasogeza picha ya mkewe kuipa nafasi. Mama yule alibatizwa Pasaka iliyofuata, akiwa na miaka 78. Majivu yake sasa yako kwenye kaburi la pamoja la kanisa, na mwanawe asiyeamini huja kila mwaka kulisafisha.

Mazungumzo yale ya kwenye vikombe nilipewa kwa sababu nilikuwa bado nipo. Miaka sita ya takataka, maua, misiba na kahawa ndiyo iliyonifikisha kwenye sinki lile.

Kuhusu kupoa kwa imani, nitasema yaliyonisaidia mimi. Niliomba kwa Kiswahili kila siku. Kijapani changu kilitosha kuhubiri lakini hakikutosha kulia. Pili, nilikuwa na mwenzangu wa kuungamana naye, padre Mkongo aliyekuwa mji wa tatu kwa treni. Mlutheri na Mkatoliki, tulikutana mara moja kwa mwezi, tukasoma zaburi kwa lugha yetu, yeye kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Usiende bila kutafuta mtu wa namna hiyo, hata kama itabidi usafiri saa tatu. Tatu, niliacha kupeleka nyumbani ripoti za namba peke yake. Niliwaandikia habari za watu, wakaniombea kwa habari hizo. Kwenye mazishi hata wasioamini wataimba nawe tuni ile ile tunayoimbia kwamba Yesu ni rafiki. Wameijua tangu shuleni, na nilipowasikia mara ya kwanza nilishindwa kumaliza ubeti.

La makaratasi ni fupi. Visa yako itakuwa ya shughuli za dini, na taasisi iliyoko Japani ndiyo inayokualika na kuthibitisha utaishi kwa nini, kwa hiyo hakikisha makubaliano ya posho yameandikwa kabla hujaacha kazi ya ualimu. Ukipata makazi, ndani ya siku 14 jiandikishe ofisi ya mji, na kadi ya ukaazi uitembee nayo daima. Ingia bima ya afya ya taifa. Hospitalini utalipa asilimia 30 na bima italipa zilizobaki.

Kama unaweza kwenda ukijua kwamba huenda utarudi na majina matano, au mawili, na bado ukawapenda wale ambao hawatabatizwa kamwe, basi nenda, nami nitakuandikia barua ya kukutambulisha. Anza Kijapani leo, huko huko Mbeya. Na kwenye sanduku lako weka pakiti tano za majani ya chai ya Tukuyu. Kuna desturi kwamba mgeni wa mtaa huenda kujitambulisha na kijizawadi kwa nyumba tatu zilizo mbele yake na mbili za ubavuni, moja kulia na moja kushoto. Nenda siku ile ile utakapofika, kabla jua halijazama, na useme jina lako polepole.